Rupia Iliyooga

Jambo zima lilinigharimu shilingi thelathini na nane, mbuzi jike mmoja mwenye mimba, na marahaba moja. Nimehesabu mara mbili. Ukitaka kumhesabu na yule aliyekuwa tumboni, mbuzi ni wawili, na mimi nimemhesabu, kwa sababu aliyemchukua alimhesabu. Shilingi nilizirudisha zamani kwa njia ambazo sitazieleza hapa, na mbuzi nimefuga wengine. Marahaba ndiyo haijarudi. Nisingeandika haya kama juzi asingefika nyumbani kwangu, hapa Utemini, mama mmoja mtu mzima, mwalimu, akaniamkia vizuri, akakaa, akafungua leso juu ya meza yangu ya chakula. Ndani ya leso mlikuwa na rupia ya Mjerumani ambayo niliiona mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi na tisa. Akasema mama yake alipofariki waliikuta sandukuni, imefungwa kwenye karatasi iliyoandikwa "ya bibi", na watu wakamwelekeza kwamba Utemini kuna bibi anayejua majina ya hela za zamani. Nilitaka kumwambia kwamba majina nayajua yote na ndiyo yanayonitia kichefuchefu. Badala yake nikamwuliza kama atakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Habari za ukoo wangu naziruka. Katika jambo hili haukuchangia hata senti tano. Inatosha kusema kwamba mwaka ule, mwaka uliofuata Azimio, nilikuwa nanunua mayai na kuku vijijini na kuuza mjini Singida, na sokoni nilijulikana kwa mambo mawili: sikupunguza bei kabla ya kuombwa mara tatu, na nikipewa chenji niliihesabu mbele yako, halafu nikaihesabu tena nikishakupa mgongo. Sarafu mpya za nchi yetu zilikuwa zimeanza kuzunguka, na zile za wafalme wa Kiingereza, zenye tundu na zisizo na tundu, zilikuwa zinaondoka. Huko vijijini wazee walikuwa na nyingine za zamani zaidi, rupia za fedha za Mjerumani, ambazo hakuna duka lililozipokea tangu mama zetu hawajazaliwa. Zilikaa shingoni, kwenye vibuyu, chini ya mawe ya kusagia. Mimi niliamini kwamba hela isiyonunua kitu ni bati tu. Niliamini hivyo mpaka siku nilipotua tenga langu la kuku kwenye kibaraza cha Mikidadi.

Mikidadi na mkewe Zena walikuja kwa treni mpaka Manyoni, na kutoka Manyoni kwa lori. Walipanga chumba kimoja hapahapa Utemini, wakasema ni mafundi cherehani. Cherehani ilikuwepo kweli, ila kwa miezi minane sikuiona ikishona zaidi ya foronya moja, na foronya yenyewe ilikuwa ya kuwekea rupia. Kulikuwa na kitanda, meza, mkeka, jiko la mkaa mlangoni, na harufu. Harufu ile sijaipata pengine: maini ya kukaanga, mafuta ya nazi kichwani mwa Zena, shaba iliyoota ukungu wa kijani, na mate. Nasema mate kwa sababu Mikidadi alikuwa anaonja. Kila sarafu iliyoingia aliishika kwa vidole viwili, akaitia mdomoni, akaizungusha shavuni kama pipi, akaitoa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha ikiwa imelowa, kisha akaifuta kwenye paja la suruali. Alisema fedha ina ladha yake na risasi ina yake, na ulimi haudanganyiki. Sarafu zile zilitoka shingoni mwa watu, zilitoka makwapani, zilitoka kwenye mafuta ya kondoo yaliyochacha, na nyingine nilijua zilikotoka na sitaandika. Halafu Zena anapakua ugali wa mtama, na mkono uleule unaingia kwenye sahani moja na wangu. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza habari za wanyonyaji kila siku, na watu sokoni wakawa wanaulizana mnyonyaji anafananaje. Mimi nilikuwa nakula naye.

Rupia yangu ya kwanza niliipata kama nyongeza, kwa mama mmoja aliyepungukiwa alipokuwa ananunua jogoo. Nikamwonyesha Mikidadi kwa utani tu. Akaionja. Akamwambia mkewe kwa sauti ndogo, "Huyu ana ngozi," kisha akanigeukia mimi kwa sauti kubwa kwamba hela yangu ni chafu sana, imeshika masizi, lakini kwa kuwa ni mimi atanipa tatu na thumuni. Nikapiga hesabu ya muuza mayai. Yai lenye kinyesi halina bei ya yai lililofutwa. Kama chafu ni tatu na thumuni, safi si pungufu ya tano. Nikaenda nayo nyumbani. Nikaisugua kwa majivu, nikailoweka kwenye ukwaju, nikaisugua tena kwa gunzi na mchanga wa mtoni, mpaka yule mzungu mwenye kofia ya chuma na tai juu yake akawaka kama kitako cha sufuria mpya. Asubuhi Mikidadi hakuitia hata mdomoni. Alisema neno moja tu, "Kaoga," na Zena akatoa mguno ule wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Nikapewa thumuni, tena kwa huruma. Shilingi tatu zikawa zimepotea kati ya jioni na asubuhi, na aliyezipoteza ni mimi na gunzi langu. Nikachukua thumuni yangu, nikakaa kibarazani kuhesabu kuku ambao nilikuwa nimeshawahesabu, ili nisikilize vizuri.

Sikuuliza hata neno moja. Neno la biashara ukiliuliza linabadilishwa kesho yake. Nilifanya kama ninavyofanya kwa wanunuzi wa kuku: nasikia kinachosemwa, natazama hela inayotoka, naviweka pamoja. Kwa wiki sita nikawa nimeyapata yote. Ngozi ni ule weusi unaopanda wenyewe juu ya fedha kwa miaka mingi. Ndio unaothibitisha kwamba sarafu haijaguswa, na ndio unaolipiwa na wale waliokuwa wananunua kutoka kwa Mikidadi, watu wa mbali wanaozipanga sarafu kwenye makabati na kuzitazama. Aliyeoga ni aliyesuguliwa, na aliyeoga amekufa, analipwa kwa uzito wa fedha tu. Kipofu ni yule ambaye uso umefutika kwa kupita mikononi. Mwenye sikio ni aliyetobolewa avaliwe shingoni. Mgonjwa ana ukungu wa kijani. Na juu ya wote kuna mwali, sarafu ambayo tangu izaliwe haijatoka ndani, haijanunua kitu, haijashikwashikwa, masharubu ya yule mzungu unaweza kuyahesabu. Mwali alikuwa shilingi sitini. Mikidadi alipolitamka neno hilo alijilamba midomo, na mkewe akacheka, na mimi niliyekuwa nao kwenye mkeka, msichana wa miaka kumi na tisa, nilijisikia kama mtu ameniwekea mkono ulioloa mgongoni. Lakini sikuondoka. Naliandika hilo kwa sababu naandika hesabu yote.

Siku moja alikuja mzee na rupia yake, na kabla Mikidadi hajaitoa mdomoni nikamwambia Zena kwamba huyo ni kipofu, wasizidishe shilingi. Mzee alipoondoka nilitegemea kufukuzwa, nikapewa kazi. Ningezunguka vijijini, maana Kinyaturu kilikuwa changu na wao hawakukijua. Kila mwenye ngozi nitakayemleta, shilingi moja yangu. Kila mwali, tano. Nusu ningepewa papo hapo, nusu angeniwekea Zena kwenye foronya mpaka mwisho wa mwaka. Nilibishana nusu siku nikapandisha mwali kutoka nne hadi tano, na nikajiona mjanja. Zena ndiye aliyenifundisha la muhimu, akiwa anageuza maini kwenye kikaango.

"Usisifu kitu cha mtu. Sema ni kichafu. Mtu akisikia chake ni kichafu anaona aibu, na mwenye aibu habishani."

Nikamwuliza, akienda kukisafisha je.

"Ndiyo maana unalipa siku hiyohiyo. Usimwache alale nacho."

Nilifanya kazi hiyo tangu mavuno mpaka mtama ulipoanza kuisha kwenye maghala. Balozi wa nyumba kumi akipita, Mikidadi anafunika mizani kwa kitambaa na kukanyaga cherehani isiyo na uzi, na sisi tunaendelea kuongea habari za mwali na wagonjwa na vipofu kama watu wa hospitali, na balozi anatuitikia kwa heshima na kutuombea waliougua wapone. Tulicheka alipoondoka. Nilicheka na mimi. Vijijini nikawa naingia nyumba za watu, naamkia, nakalishwa, naletewa uji, halafu naitazama rupia ya mwenye nyumba na kukunja pua. Nilikuwa hodari sana wa kukunja pua. Wanawake watu wazima waliifunika hela yao kwa kiganja haraka, kama mtu aliyekutwa na nguo iliyochanika, wakapokea nilichotoa bila neno. Mara nyingine waliniomba radhi.

Mama Ntandu alikuwa akikaa Issuna, mjane, na mwaka ule mvua zilikuwa zimewakosea. Alinifuata mwenyewe mnadani, akaniambia kwake kuna kitu, na kwamba anataka gunia moja la mtama la kuwafikisha yeye na wajukuu wake, watoto wa marehemu mwanawe Ntandu, kwenye mvua nyingine. Gunia lilikuwa shilingi thelathini. Nyumba yake ilikuwa imefagiwa hadi pembeni, jiwe la kusagia limesuguliwa, vyombo vimepangwa kwa ukubwa. Alinipa mlenda na ugali mdogo ambao niliona wazi kwamba ndio wa siku nzima, na nikaumaliza. Kisha akashusha kibuyu, akaingiza mkono ndani ya samli iliyoganda, akatoa rupia. Aliifuta kwa jani. Mume wake alimpa siku alipoolewa, naye akaitumbukiza kwenye samli siku hiyohiyo, na kila samli ilipobadilishwa iliingia kwenye nyingine bila kushikwa. Niliisogeza mlangoni kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi yenye ubluu kidogo, kama shingo ya kanga, na masharubu ya yule mzungu niliyahesabu, nikayahesabu tena. Tangu nianze kazi ile sikuwa nimemwona mwali.

Nikakunja pua. Nikasema kwa Kinyaturu, lugha aliyomlelea mwanawe, kwamba kitu chake ni kichafu, kina uvundo wa samli, na kwamba mjini watanicheka. Nikataja shilingi kumi. Akasema thelathini, gunia. Nikasema kumi na mbili. Akasema gunia. Hapo mtu mwingine yeyote wa kazi ile angelipa thelathini na kukimbia, maana mjini kulikuwa na sitini zinangoja. Lakini mimi sijawahi kulipa bei ya kwanza kwa kitu chochote, na mkono wangu haukujua kufanya hivyo. Nikainuka, nikajifuta magoti, nikamwambia nitapita tena Alhamisi labda atakuwa amefikiri. Ndivyo ninavyonunua kuku: unaondoka, na bei inalala na mwenyewe, na asubuhi imepungua. Nilisahau kwamba safari hii kuna kingine kinacholala naye.

Alhamisi nilimkuta amekaa nje juu ya ngozi ya ng'ombe, amejipaka mafuta, ananingoja. Alinipokea vizuri kuliko mara ya kwanza. Akanionyesha kiganja, na juu ya kiganja ile rupia ilikuwa inawaka jua lote. Siku mbili, akasema. Majivu, ukwaju, mchanga wa mtoni, na gunzi. Dole gumba lake la kulia lilikuwa limechubuka, limekuwa jekundu.

"Si chafu tena," akasema. "Mgeni akisema kwako kuna uchafu, huwezi kumpa hivyohivyo. Sasa niletee gunia langu."

Ningeweza kusema siku ile. Sikusema. Niliipokea, nikamwahidi gunia, nikapanda lori na rupia imefungwa kwenye ncha ya kanga, na njia nzima nilikuwa najiambia: labda hawatatambua.

Niliwakuta wanakula. Maini, kama kawaida, na mimi nikanawa nikakaa, nikatia tonge mdomoni kabla ya kuifungua kanga. Mikidadi aliitazama bila kuigusa. "Huyu kaoga," akasema. Zena akaichukua, akaigeuza dirishani, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kaoga mpaka mifupa. Kisha akaniuliza ilikuwaje, na mjinga mimi nikaeleza yote, kibuyu, samli, ubluu, masharubu. Mikidadi akatafuna taratibu.

"Mwali wa sitini," akasema. "Umemwua kwa mdomo wako mwenyewe."

Wakatoa shilingi mbili za uzito. Nikakataa. Nikadai nusu yangu iliyokuwa kwenye foronya, shilingi thelathini na tano, nilizozihesabu kila Jumamosi. Zena akasema kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto, kwamba nimeharibu mali ya sitini, kwa hiyo nikitoa thelathini na tano zangu bado nadaiwa ishirini na tano, lakini hawatanidai, maana tumekula pamoja. Na Mikidadi akasogeza pande la ini upande wangu wa sahani, kwa vidole vile. Niligundua kwamba tonge bado liko mdomoni mwangu. Nililitema kwenye jiko lao la mkaa likaungua, nikatoka na ile rupia. Kabla ya mwezi kuisha walihama, foronya na yote.

Mbuzi wangu nilimpeleka kwa mwenye nafaka, nikampa akiwa na mimba yake, nikachukua gunia. Hata siku hiyo nilibishana, nikapata na kilo mbili za juu. Sijisifu, nasema tu ilivyokuwa. Lori likatushusha Issuna, mimi na gunia. Niliamkia, Mama Ntandu akaitikia marahaba ndefu, akashika gunia kwa mikono miwili kupima ujazo. Nikamrudishia rupia yake mkononi. Hakuelewa. Hapo ndipo nilipomweleza: kwamba ile nyeusi ndiyo iliyokuwa hela, kwamba ilikuwa ya magunia mawili, kwamba neno chafu ni neno la kazi tunalowaambia watu wote. Nilidhani namwambia ukweli kwa heshima. Sasa naona nilikuwa nafanya biashara: gunia na ukweli nitoe mimi, msamaha utoke kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye dole gumba lake.

"Uliniambia nyumbani kwangu kuna uchafu," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na ulijua hakuna."

"Nilijua."

Alifungua gunia, akapima mtama kwa kibaba, kibaba kwa kibaba, akaumimina ghalani, akalikung'uta gunia tupu, akalikunja mara nne akanipa. Alipokea chakula kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Baada ya wiki mbili nikarudi kumjulia hali. Nikasimama uani nikasema shikamoo. Alikuwa anapepeta. Akaendelea kupepeta. Nikadhani hakusikia, nikarudia, na wale wajukuu wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, maana hawakuwahi kuona kitu kama hicho, shikamoo imesimama hewani na mtu mzima hajaichukua. Nikahesabu mipepeto ishirini. Nikahesabu ishirini tena. Nikaondoka. Nilirudi mara nne zaidi mwaka ule na uliofuata, na kila mara aliniwekea kigoda, alinipa maji, aliniacha nikae, na marahaba hakunipa. Mara ya tano nilikuta watu wamekaa matanga.

Yule mwalimu alikunywa chai yake akinisikiliza. Baba yake, akasema, alikuwa mmoja wa wale wajukuu. Lakini bibi hakuwahi kueleza, aliitunza rupia tu. Akaniuliza inafaa bei gani, akasema alitaka kuisafisha kwanza kwa dawa ya meno, ila akaona aniulize. Nikamwambia asithubutu. Nikaipeleka dirishani. Kwa miaka hii yote imeota ngozi nyingine, nyeusi tena, na mgeni ingemdanganya. Lakini ukiinamisha kidogo kwenye mwanga unaona mistari midogo ya mchanga chini yake, duara juu ya duara, unaweza kufuata dole gumba lilivyokuwa linakwenda. Nikamwambia ni ya uzito wa fedha tu, si zaidi. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumtajia mtu bei ya kweli papo hapo, na iliniuma kidogo.

Akafunga leso, akauliza namdai nini kwa kumwangalizia. Nikamwambia hela sitaki, ila kwao kuna kitu changu kimebaki. Nikamwuliza ni nani mkubwa aliyebaki katika ukoo wa Mama Ntandu, anipeleke nikamwamkie, hata akiwa amelala kitandani, aitikie mara moja tu nirudi zangu. Akafikiri, akahesabu kwa vidole. Wote wametangulia. Mkubwa aliyebaki ni yeye, ana miaka hamsini, na kwa miaka yangu sabini na kitu siwezi kumpa shikamoo, wala yeye hawezi kuipokea. Tukatazamana pale mezani kama watu walioletewa noti ambayo hakuna duka la kuivunjia. Basi nawauliza ninyi mnaosoma, hasa mlio wazee na mnazijua taratibu za kwetu, na mkijibu msinipunguzie: marahaba ya mtu aliyekwisha kufa inadaiwa kwa nani?